Namna ya kuwapanga wagombea wa umeya wa New York kwenye karatasi ya kura

Tangu mwaka 2021, mpiga kura anayeshiriki mchujo wa chama kumpata mgombea umeya wa New York anaweza kuwapanga wagombea hadi watano, akianza na yule anayemtaka zaidi. Hata hivyo, wapo wanaomchagua mmoja tu kwa kuhofia kwamba kumweka mwingine katika nafasi ya pili kutampunguzia nguvu wa kwanza. Hofu hiyo haina msingi, kwa sababu chaguo lako la pili haliguswi kabisa maadamu wa kwanza bado yumo katika kinyang'anyiro.

Kwanza hakikisha kwamba umejiandikisha kama mwanachama wa chama husika, kwa kuwa mchujo wa Democratic hauwahusu wasio wanachama, na kadhalika ule wa Republican.

Kura huhesabiwa hivi: asipopatikana aliyevuka nusu, mgombea wa mwisho huondolewa na kura zake huhamia kwa wanaofuata katika karatasi hizo, hadi wabaki wawili. Katika mchujo wa Democratic wa mwaka 2021 Kathryn Garcia alianza akiwa wa tatu, akampita Maya Wiley kwa kura za namna hiyo, kisha akashindwa na Eric Adams kwa kura 7,197 tu. Wakati huo huo karatasi zaidi ya 100,000 zilikuwa zimekwisha nguvu, kwa kuwa hazikuwa na jina la Adams wala la Garcia. Hesabu hiyo inaniuma kila ninapoikumbuka, maana waliokuwa na karatasi hizo walipanga foleni kama wengine, lakini hawakuwa na sauti katika uamuzi wa mwisho.

Kwa hiyo weka nafasi ya kwanza yule unayemwamini kwa dhati, hata kama hana nafasi kubwa ya kushinda, lakini miongoni mwa watano wako awemo angalau mmoja anayeweza kufika mwisho. Usiyemtaka kabisa usimweke popote, hata nafasi ya tano. Sikiliza pia wagombea wanavyoungana: katika mchujo wa Democratic wa mwaka 2025 Zohran Mamdani, mzaliwa wa Kampala, na Brad Lander waliwaomba wafuasi wao wampe mwenzake nafasi ya pili, na Mamdani akamshinda Andrew Cuomo kwa asilimia 56 dhidi ya 44.

Unapojaza, kila mgombea ana mstari wake na kila nafasi ina safu yake. Paka kiduara kimoja tu katika kila safu, kwani ukiwapa wawili nafasi moja, kura yako haihesabiwi kuanzia hapo. Kurudia jina lile lile katika safu zote tano hakumwongezei kitu. Ukikosea, usifute, omba karatasi nyingine kabla ya kuiingiza kwenye mashine.

Utaratibu huu hautumiki katika uchaguzi mkuu wa Novemba. Ndiyo maana Cuomo aliporudi kama mgombea binafsi kupambana na Mamdani na Curtis Sliwa wa Republican, kila mpiga kura alimchagua mmoja tu, na aliyeongoza akashinda.