Kabla ya Kulipa Kodi ya Halmashauri Nchini England

Kila mwaka karibu na mwezi Machi, kaya za England hupokea bili ya Council Tax, yaani kodi ya halmashauri, na wengi wetu huilipa kama ilivyoandikwa. Halmashauri hukokotoa kodi kwa taarifa ilizo nazo, na haitajua kwamba mwenzako amehama au mama yako anatumia kiti cha magurudumu mpaka uiarifu.

Anza na herufi ya daraja la nyumba, kati ya A na H, inayotokana na thamani ambayo nyumba ingekuwa nayo tarehe 1 Aprili 1991, hata kama imejengwa juzi. Nyumba ya daraja H hutozwa mara tatu ya daraja A. Ikiwa nyumba za jirani zinazofanana na yako ziko daraja la chini, unaweza kuiomba idara ya uthamini ya serikali kuu, si halmashauri, ipitie upya bila ada. Linganisha kwa makini kwanza, kwa kuwa daraja laweza pia kupandishwa, hata la jirani.

Kisha hesabu watu wazima waliomo nyumbani, kwani hapa ndipo wengi hupoteza fedha. Mtu mzima mmoja hupunguziwa asilimia 25, na wapo wasiohesabiwa kabisa, wakiwemo wanafunzi wa chuo wa muda wote. Kwa hiyo mama anayeishi na mwanawe aliye chuo kikuu huhesabiwa kuwa yuko peke yake, na nyumba yenye wanafunzi watupu hailipi chochote. Mgonjwa wa kupoteza kumbukumbu naye aweza kutohesabiwa, akiwa na cheti cha daktari na anastahili mojawapo ya posho zilizotajwa na sheria. Iwapo nyumba ina bafu la ziada, chumba au nafasi ya kiti cha magurudumu kwa ajili ya mkazi mwenye ulemavu, omba itozwe kwa daraja moja chini.

Mwenye kipato kidogo aombe Council Tax Reduction, yaani nafuu ya kodi hii, kwa halmashauri yenyewe, kwa sababu kuomba Universal Credit, posho ya serikali kuu kwa wenye kipato kidogo, hakutoshi. Hayo ni maombi mawili tofauti. Lakini kama viza yako inakuzuia kupokea fedha za umma, usiombe msaada huu kabla ya kupata ushauri wa mwanasheria wa uhamiaji. Punguzo la asilimia 25 halimo katika katazo hilo, na inasikitisha kuona watu wakiliacha kwa hofu.

Kodi hii haizoi taka tu. Sehemu kubwa hugharimia matunzo ya wazee, watu wenye ulemavu na watoto walio hatarini. Mzee wako akishindwa kuoga au kujipikia, omba apimwe mahitaji yake: kwa Sheria ya Matunzo ya 2014 upimaji huo ni bure, hata kama ana akiba.

Ukiona utashindwa kulipa, piga simu kabla hujachelewa, kwa sababu ukikosa malipo unaweza kudaiwa kodi yote ya mwaka kwa mkupuo, kisha gharama za mahakama na madalali zikafuata. Malipo kwa kawaida hugawanywa mara 10. Omba yawe 12. Hali ikibaki ngumu, iandikie halmashauri barua ukiomba punguzo la hiari chini ya kifungu cha 13A cha Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa ya 1992, na uambatanishe hesabu ya mapato na matumizi yako ya mwezi.