Bunduki ya mbogo: cha kuangalia kabla hujalipa

Vijana wanaojiandaa kuwa wawindaji bingwa huniuliza kwanza ukubwa wa risasi. Mimi huwarudisha kwenye bolti, yaani chuma unachokisukuma na kukivuta kwa mkono ili kuingiza risasi na kutoa ganda. Mbogo aliyejeruhiwa hupenda kujibanza kichakani, kando ya nyayo zake mwenyewe, na akitoka ni hatua chache tu kati yenu. Hapo una nafasi ya risasi moja, ukijaliwa mbili. Bunduki iliyokwama itakuua, hata iwe na risasi kubwa kiasi gani.

Kwa hiyo tafuta bunduki ya bolti yenye ukucha mrefu wa kushika kitako cha risasi, mtindo wa Mauser wa 1898. Ukucha huo unaikamata risasi mara tu inapotoka kwenye magazini, na hauiachii mpaka ganda litupwe nje. Zipo bunduki nyingine nzuri sana za kulengea swala ambazo bolti inaisukuma tu risasi mbele bila kuishika mpaka ifungwe kabisa. Mkono ukitetemeka ukaivuta nyuma kabla haijafunga, risasi inabaki kwenye chemba, pale nyuma ya mtutu inapofyatuliwa, na ya pili inaigonga kwa nyuma. Umekwama, na mbogo anakuja.

Kuipima ni rahisi. Omba dukani risasi za mazoezi zisizo na baruti. Sukuma bolti mpaka risasi itoke kwenye magazini, usifunge, kisha vuta nyuma. Ikirudi na bolti, endelea na mazungumzo ya bei. Rudia mara nyingi, polepole na kwa kasi, hata bunduki ikiwa imelala ubavu.

Sasa ukubwa. Kwa mbogo, tembo na simba, sheria ya Tanzania hairuhusu ushuke chini ya .375 (kipenyo cha risasi kwa inchi). Risasi ya .375 H&H, ya kampuni ya Holland & Holland, iliyotoka 1912, hurusha kichwa cha takriban gramu 19, na bado kwangu ndiyo ya kuanzia. Teke lake begani linavumilika, na unaweza kufanya nayo mazoezi asubuhi nzima bila kuanza kufumba macho unapofyatua. Ukishaizoea, panda kwenye .416 Rigby, yenye kichwa cha gramu 26 hivi. Ile .458 ina nguvu ya kumsimamisha tembo, lakini nimeona watu wenye miili mikubwa wakiiogopa, na anayeiogopa bunduki yake huvuta kifyatulio kwa pupa. Risasi inaingia tumboni, halafu wasaka nyayo ndio wanaoingia porini kulipa deni hilo.

Utasimuliwa habari za W.D.M. Bell, Mskoti aliyewinda tembo Karamoja, kaskazini-mashariki mwa Uganda, zaidi ya miaka 100 iliyopita kwa bunduki ya milimita 7. Ni kweli. Lakini alilenga ubongo, kwa tembo waliotulia, na alilipasua fuvu kwa msumeno ili ajue ubongo umekaa wapi. Usimwige.

Bunduki ya mitutu miwili ni ya kazi moja: kumfuata mnyama aliyejeruhiwa kwenye msitu mzito. Ina vifyatulio viwili na mitambo miwili, kwa hiyo mmoja ukiharibika mwingine unafanya kazi, na risasi ya pili hutoka bila kugusa bolti. Ubaya ni kwamba mitutu yake imeoanishwa kwa aina moja ya risasi. Ukibadilisha, kila mtutu unapiga kwake. Bei nayo ni ya gari. Mgeni anayekuja kuwinda mara moja haihitaji. Zile zinazojipakia zenyewe hazihitaji mjadala, sheria imezikataza.

Darubini chukua ya kukuza kidogo, kuanzia mara moja, inayovuliwa kwa mkono bila bisibisi. Chini yake pawe na shabaha za chuma, zile za kulengea bila darubini, kwa sababu kwenye vichaka vya pori la akiba la Rungwa darubini inaweza kujaa ukungu au matawi. Kisha fumba macho, inyanyue bunduki begani, fumbua. Kama shabaha hazijakaa mbele ya jicho lako, kitako hakikufai. Mpe fundi akikate au akirefushe kabla hujanunua hata boksi la risasi.

Risasi zenyewe nunua za aina mbili: laini zinazopanuka kwa risasi ya kwanza ya mbogo, na ngumu zisizopanuka kwa zinazofuata. Kwa tembo, ngumu tupu.