Kuagiza taa za dagaa kutoka China hadi Mwanza: kazi ya kabla ya kutuma pesa

Taa ya dagaa hukaa juu ya boya usiku kucha ikipigwa na mawimbi, na asubuhi hutupwa ndani ya mtumbwi pamoja na nyavu. Ikizima katikati ya usiku, mvuvi amepoteza mafuta na usingizi wake, na habari hiyo itafika soko la samaki la Mwaloni Kirumba kabla ya dagaa wenyewe. Kwa hiyo anayeagiza taa hizi akianza kwa kuuliza bei, ameanzia mwisho.

Karatasi ya vipimo

Iandike mwenyewe, usisubiri ya kiwanda. Taa ya wati 20 ikiwaka saa 10 hula wati-saa 200. Betri ya lithiamu ya aina ya LiFePO4, volti 12.8 na ampea-saa 20, ina wati-saa 256: inatosha, na inabaki akiba ya siku za mawingu. Ukishawishiwa kuchukua ya ampea-saa 12 kwa sababu ni rahisi, hizo ni wati-saa 154 tu. Taa itawaka saa saba na nusu hivi, kisha giza.

Namba iliyobandikwa kwenye betri si ushahidi. Ipime kwenye mizani. Seli za aina hii hubeba kama wati-saa 90 hadi 160 kwa kilo, hivyo betri inayodai wati-saa 256 huku ina kilo moja imeandikwa uongo.

Kuhusu maji, dai kiwango cha kinga cha IP67, maana yake taa imezamishwa kwenye maji ya kina cha mita 1 kwa dakika 30 bila maji kuingia. IP65 huzuia maji ya kurushwa tu, na ndiyo wauzaji wengi hukupa ukisema "isiyoingia maji" bila kutaja namba. Maji hupenya hasa kwenye swichi na pale waya unapoingia kwenye ganda. Andika kwamba sehemu hizo mbili ziwe na mpira wa kuzibia, na uombe picha ya taa ikiwa imefunguliwa.

Agiza sampuli 3. Moja iwashe mpaka izime yenyewe ukiwa na saa mkononi. Ya pili izamishe kwenye ndoo. Ya tatu weka sahihi na tarehe, ifunge, uihifadhi: mzigo wote utalinganishwa nayo.

Unazungumza na nani

Omba leseni ya biashara ya kampuni. Ya China ina namba ya usajili yenye herufi na tarakimu 18, na unaweza kuihakiki kwenye mfumo wa serikali yao ulio wazi kwa umma. Jina la leseni lifanane, neno kwa neno, na jina la akaunti ya benki. Akaunti ya mtu binafsi ikatae.

Malipo ya kawaida ni 30% ya kuanzia na 70% mzigo ukishakaguliwa. Hapa ndipo wizi mkubwa unapotokea: baruapepe inakuja katikati ya mazungumzo ikisema akaunti imebadilika. Wezi huwa wameingia kwenye baruapepe ya mmoja wenu na wanasoma kila kitu. Piga simu kwa namba uliyokuwa nayo tangu mwanzo, usitumie iliyo kwenye ujumbe huo mpya.

Kabla ya kulipa ile 70%, tuma mkaguzi huru. Kwa mzigo wa taa 960, kiwango cha ISO 2859-1, ngazi ya II, kinataka achukue taa 80 bila kuchagua. Kwa kasoro kubwa, kikomo cha ubora unaokubalika (AQL) cha 2.5 kinaruhusu mbovu 5. Zikifika 6 mzigo unakataliwa. Masharti haya yaingie kwenye oda tangu siku ya kwanza, la sivyo kiwanda kitakwambia hakikukubaliana nayo. Mwombe pia adondoshe boksi moja mara 10: kona moja, kingo tatu, pande zote sita. Kwa boksi la kilo 23, kimo ni sentimita 46. Barabara ya Dar es Salaam hadi Mwanza inazidi kilomita 1,000, na makuli hawabembelezi boksi.

Hesabu ya kufika dukani

Tuseme boksi la sentimita 60 × 40 × 40 linabeba taa 6. Hiyo ni mita za ujazo 0.096. Maboksi 160 ni 15.36. Kontena la futi 20 kwa uhalisia hupokea kama 28, kwa hiyo uko kwenye mpaka: omba bei ya mzigo wa kuchanganya na bei ya kontena zima, uzilinganishe. Mara nyingi kuanzia 15 kontena zima huwa halina hasara, hasa kwa betri, kwa sababu wakusanyaji wengi hawapendi kuchanganya lithiamu na mizigo ya watu wengine.

Lithiamu ni mzigo hatari wa daraja la 9. Betri ikiwa ndani ya taa au imefungwa pamoja nayo ni UN 3481. Ikiwa peke yake ni UN 3480. Kiwanda kikupe ripoti ya majaribio ya usalama wa betri, UN 38.3, kabla ya kutafuta nafasi melini. Bila hiyo mzigo utabaki bandarini kwao, na gharama ya kuhifadhi itakuwa yako.

Namba ya forodha nayo ni pesa. Taa ya mkononi yenye betri yake huangukia 8513, taa nyingine 9405, betri peke yake 8507, paneli ya sola 8541, na kodi hazifanani. Usimwachie wakala akisie. Andika barua TRA, mamlaka ya mapato, uombe uamuzi wa awali wa uainishaji, ukiambatisha picha na vipimo.

Tuchukue mfano wa ushuru wa 25% na VAT ya 18%. Thamani ya mzigo pamoja na nauli na bima ni Tsh 40,000,000. Ushuru ni 10,000,000. VAT hukokotolewa juu ya jumla ya hizo mbili, yaani 50,000,000, nayo ni 9,000,000. Weka tozo nyingine za forodha, bandari, kampuni ya meli, wakala, lori na kushusha, tuseme 6,000,000. Jumla ni 65,000,000, sawa na Tsh 67,708 kwa taa. Aliyegawanya 40,000,000 kwa 960 alidhani taa ni 41,667, akaahidi wateja bei ambayo haiwezekani.

Nunua kwa FOB (bei ya mzigo ukiwa umepakiwa melini China) au CFR (bei pamoja na nauli), usinunue CIF (pamoja na nauli na bima ya muuzaji). Sheria ya Tanzania inataka bima ya mizigo iingiayo ikatwe kwa kampuni iliyosajiliwa hapa, na bima ambayo muuzaji wa CIF analazimika kukata ni ya vifungu C, iliyo finyu. Wewe omba vifungu A, iliyo pana.

Cheti cha ulinganifu cha TBS, shirika la viwango, ambacho mawakala hukiita CoC, kitafutwe mzigo ukiwa bado China. Jina lako na TIN (namba ya mlipakodi) kwenye hati ya shehena visomeke sawasawa na vya TRA. Herufi moja ikikosewa, marekebisho hula siku huku kontena likihesabiwa demareji, yaani tozo ya kulichelewesha.

Panga tarehe kwa kurudi nyuma. Kiwanda huchukua takriban siku 30, bahari wiki 4 hadi 6, na kutoa mzigo na kuusafirisha wiki 2 hivi. Viwanda vya China hufungwa kwa wiki kadhaa kwenye mwaka mpya wao, Januari au Februari, na oda ya Desemba mara nyingi hufanywa kwa haraka na vibarua wapya. Mauzo ya hapa nayo yanafuata giza: siku za mbalamwezi wavuvi wa dagaa hupumzika, hawanunui.

Lori likifika, usisaini hati ya kupokea kabla ya kuhesabu. Boksi lililolowa au kubonyea lipige picha likiwa bado juu ya lori, andika kasoro kwenye hati yenyewe, dereva asaini, kisha ijulishe bima siku hiyo hiyo. Halafu toa taa 20 kutoka maboksi tofauti, leta ile yenye sahihi yako, na uzitie zote ndooni.