Simu ya Kuletewa: Iulize Ilikotoka Kabla Hujaiwekea Laini

Ukiambiwa "kuna mtu anakuja kutoka Marekani, nimempa simu yako," subiri kidogo kabla ya kupiga vigelegele. Mwombe aliyenunua apige picha nyuma ya boksi, pale penye namba ya modeli, akutumie kabla begi halijafungwa. Simu mbili zenye jina moja na rangi moja zinaweza kuwa zimetengenezwa kwa ajili ya nchi mbili, na tofauti usiione hadi ziko mkononi mwako. Simu ina uraia wake, na kupanda ndege hakuubadilishi.

Yale ya wazi tuyamalize haraka. Piga *#06# itokee IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu, tarakimu 15, ulinganishe na za kwenye boksi. Kama uko Tanzania, itume namba hiyo kwenda 15090 usome jibu. Likitaja simu nyingine tofauti na uliyoshika, mrudishie mwenyewe. Waliokuwa na simu bandia Juni 2016, TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilipozizima, hawahitaji kukumbushwa hili. Chaja: soma yale maandishi madogo. Ikiandikwa 100–240V haina neno na umeme wetu wa 230, tafuta tu adapta ya zile pini bapa za Kimarekani. Ikiandikwa 120V peke yake, usiichomeke hata kwa kujaribu. Akaunti: aliyekuwa anaitumia aondoe akaunti yake ya Apple au Google yeye mwenyewe, angali anapokea simu zako. Simu iliyofungwa kwa akaunti ya mtu asiyepatikana ni kioo cha kujitazamia.

Kufungwa mtandao ndilo swali la pili. Marekani watu wengi huchukua simu kwa kampuni ya mtandao na kulipa kidogo kidogo, na kampuni huifunga isikubali laini ya mwingine mpaka deni liishe. Kwa hiyo usimuulize ndugu yako "ni nzima?" Muulize "umemaliza kuilipia?" Ataona unamkosea adabu, mwache aone hivyo. Atie laini ya kampuni nyingine hukohuko ajaribu kupiga, maana anayeweza kuifungua kihalali ni aliyeifunga, na yeye hana duka Kariakoo. Kile kichipu chembamba ambacho mafundi hukiweka chini ya laini kinaweza kufanya kazi leo, kesho ukisasisha simu kikagoma. Ya Japani ina nafuu: simu zilizotoka kuanzia Oktoba 2021 haziruhusiwi kufungwa hivyo. Ila kamera ya simu ya Kijapani huweza kulia "kacha" hata ukizima sauti zote. Si ubovu, ndivyo inavyouzwa kule, kwa hiyo msibani usipige picha kwa siri.

Halafu bendi, yaani masafa ambayo simu huongea na mnara. Huku kwetu simu huongea kwenye MHz 900 na 1800 kwa 2G, na 2100 au 900 kwa 3G. Marekani walizoea 850 na 1900. Kwenye 4G, Afrika Mashariki tunategemea sana bendi ya 3, yaani MHz 1800, na bendi ya 20, yaani MHz 800. Hiyo 800 ndiyo inayokwenda mbali na kupenya kuta. Android nyingi za bei nafuu zilizotengenezewa kampuni za Marekani zina bendi za 2, 4, 12 na 13, na 20 haimo kabisa. Matokeo yake mjini unaona 4G na kujisifu, ukifika kijijini au ukiingia chumba cha ndani inashuka hadi ile herufi E, na wewe unaitukana kampuni ya simu. iPhone za miaka hii hazina shida sana hapo. Hizo nyingine, tafuta orodha ya bendi kwa namba ya modeli. Jina la simu halitoshi.

iPhone nazo zina lao. Kuanzia iPhone 14 ya mwaka 2022, zinazouzwa Marekani hazina kabisa tundu la laini, ni eSIM tu, laini isiyoshikika iliyo ndani ya simu yenyewe. Kwa iPhone 17 mtindo huo umefika Ghuba pia, Imarati, Oman na Saudia, kwa hiyo wanaoagiza Dubai wasijione wamepona. eSIM zipo hapa na zinafanya kazi vizuri. Tatizo liko kwenye maisha yetu. Sisi pesa zetu ziko kwenye laini. Simu ikiisha chaji usiku, Mtanzania huchomoa laini, anaitia kwenye kiswaswadu, anamlipa bodaboda, anaingia ndani. eSIM haichomolewi. Simu ikizama kwenye ndoo, utaifuata namba yako dukani, na kitambulisho cha NIDA na alama za vidole, wakati duka limefunguliwa. Namba yenye pesa ibakishe kwenye laini ya kushikika, eSIM iwe ya bando.

Simu zilizotengenezwa kwa soko la China usinunue kabla hujaona duka la programu la Google likifunguka mbele ya macho yako.

Sasa Wi-Fi ya nyumbani. Hapa watu huniambia "Wi-Fi ni Wi-Fi, dunia nzima moja." Nami nilisema hivyohivyo, mpaka ikanigharimu shilingi elfu sitini na wiki tatu za kelele za mama.

Mdogo wangu alimtumia mama simu kutoka Marekani. Mama alikataa kuhamisha laini yake, alisema laini yenye pesa haitoki kwenye kitochi. Tukakubaliana simu mpya ikae bila laini, iwe ya WhatsApp kwa Wi-Fi ya nyumbani. Wiki mbili alikuwa malkia wa Tabata. Asubuhi moja akaniita: "Mwanangu, intaneti imeondoka." Nikatazama simu yangu, intaneti ipo. Ya kwake haikuwa tu inakataa kuunganika. Jina la Wi-Fi yetu halikuwepo kwenye orodha. Ya jirani wa ukuta wa pili ilionekana, ya kwetu, ambayo ruta yake iko mezani hatua mbili kutoka kwenye kiti cha mama, haikuonekana.

Nikawaita watu wa intaneti. Kijana akaja, akashika simu yake, ikafunguka. "Dada, huku hakuna tatizo, simu yenu mbovu." Nikaipeleka kwa fundi. Kwa fundi ikashika Wi-Fi ya dukani papo hapo, lakini nilishamwambia antena imekufa, naye hakutaka kunibishia mteja. Akabadilisha antena. Elfu sitini. Nyumbani ikawa vilevile.

Kisha umeme ukakatika, ukarudi, na Wi-Fi ya mama nayo ikarudi. Akasema ni maombi. Siku nne baadaye ikapotea tena. Jioni moja, kwa hasira tu, nikachomoa laini yangu nikaitia kwenye simu yake ili angalau aongee na mdogo wangu kwa bando langu. Wi-Fi yetu ikajitokeza kwenye orodha kama haijawahi kwenda popote! Nikatoa laini, nikawasha upya, ikapotea. Hapo ndipo nilipoacha kumlaumu fundi.

Mpangaji wa chumba cha nyuma, kijana anayesomea mambo ya mitandao, alikuja kumwamkia mama akatukuta katika hali hiyo. Aliuliza swali ambalo hakuna mwingine aliyeuliza: "Hii simu imetoka nchi gani?" Akafungua ukurasa wa ruta, akaangalia chaneli, akacheka. Ilikuwa ya 13.

Ni hivi. Wi-Fi ya GHz 2.4 imegawanywa kwenye chaneli. Sehemu kubwa ya dunia hutumia 1 hadi 13. Marekani vifaa hutumia 1 hadi 11, basi. Ruta yetu iliachwa ijichagulie, na kwenye mtaa ule ambao kila dirisha lina ruta, ilikuwa inakimbilia 13 kwa sababu kulikuwa kweupe. Simu yangu ya Kariakoo iliiona. Simu ya mama, iliyojihesabu bado iko Marekani, haikutega sikio kule kabisa. Umeme ulipokatika ruta ilichagua upya, ikaangukia chaneli ya chini, ndiyo yale "maombi." Na laini yangu ilipoingia, simu ikasoma namba ya nchi kwenye mtandao, 640, ikajua iko Tanzania, ikafungua na chaneli zilizobaki. Simu isiyo na laini huweza kukosa wa kuiambia.

Dawa ilichukua dakika tatu: kuingia kwenye ruta, kuondoa uchaguzi wa yenyewe, kuweka chaneli ya 6. Chagua 1, 6 au 11, hizo tatu haziingiliani, uangalie ipi majirani hawajaijaza. Kwa kawaida anwani ya ruta imebandikwa chini yake, pamoja na neno la siri. Ukiwa humo libadilishe hilo neno la siri, maana kila aliyewahi kugeuza ruta yako ameshalisoma. Na kama ruta imewekwa kwenye ulinzi mpya wa WPA3 peke yake, simu ya zamani nayo itaduwaa; weka ule unaokubali WPA2 pia.

Kwa hiyo kabla hujamlipa mtu, jaribu mambo mawili: tia laini ya hapa kwenye simu uone, na washa Wi-Fi ya kugawa kutoka simu nyingine uone kama inaunganika. Ikikubali huko, usimruhusu fundi yeyote ashike bisibisi.

Mengineyo ni ya kawaida. Dhamana ya ng'ambo usiihesabu sana. Kioo cha modeli ya kigeni huweza kukosekana hapa, ulizia bei yake kabla ya kununua kava. Ukiweka laini na bando halifunguki, pigia huduma kwa wateja wakutumie mipangilio ya intaneti kabla hujaanza kubofya ovyo. Simu ya mkononi mwa mtu, iliyotolewa mfukoni kituo cha daladala, achana nayo hata kama ni mpya. Risiti itunze. Na hiyo IMEI uliyoitoa mwanzo iandike kwenye daftari, si ndani ya simu hiyohiyo.