Herufi Kubwa ya "Ihnen": Onyo kwa Tunaoandika Barua Ujerumani

Mwaka wangu wa kwanza Ujerumani nilimwandikia mwenye nyumba sentensi mbili: "Die Vormieter haben mir die Schlüssel gegeben. Ich habe ihnen die Kaution überwiesen." Nilikusudia kumwarifu kwamba wapangaji waliotangulia wamenikabidhi funguo, na kwamba amana nimeiingiza kwenye akaunti yake yeye ninayemwandikia. Kwa kuwa "ihnen" niliiandika kwa herufi ndogo, alichosoma ni kwamba fedha nimewapa wale waliohama. Akanijibu kwa barua kali akinitaka nilipe upya, na sikulala vizuri mpaka risiti ya benki ilipomfikia.

"Ihnen" yenye I kubwa ni "kwako" ya heshima, awe mtu mmoja au kundi. "ihnen" yenye i ndogo ni "kwao". Kwa sauti hayatofautiani hata kidogo, hivyo mdomoni utasalimika, lakini kwenye karatasi utanaswa. Sisi wenyewe tukisema "nimewatumia" hatubainishi kama ni nyinyi au wao, na nadhani ndiyo sababu jicho letu halishtuki. Lizoeze kushtuka. Marekebisho ya tahajia ya mwaka 2006 yanaruhusu "du" ("wewe" ya kirafiki) ya kwenye barua iandikwe kwa herufi kubwa au ndogo, ila "Sie" ("wewe" ya heshima) na "Ihnen" yake hazina ruhusa hiyo.

Viwakilishi vingine vya namna hiyo, yaani mir (kwangu), dir (kwako), ihm (kwake, mwanamume), ihr (kwake, mwanamke), uns (kwetu) na euch (kwenu), vikariri tu. Angalia zaidi vitenzi, kwa maana "ku" yetu ni ileile katika "nakuona" na "nakusaidia", ilhali Mjerumani husema "Ich sehe Sie" lakini "Ich helfe Ihnen". Danken (kushukuru), antworten (kujibu) na gehören (kuwa mali ya mtu) hufuata njia hiyo ya helfen (kusaidia).

Ndugu zetu wanaojiandaa kumfuata mwenzi Ujerumani huniambia kwamba wakishapata cheti cha A1, kile cha Kijerumani cha ngazi ya kwanza, mambo yamekwisha, mengine simu itatafsiri. Wapendwa wangu, simu haijui unamwandikia nani. Msidhani pia kwamba karani kijana ni "mdogo wangu" wa kuambiwa "du" kwa kuwa umri unamruhusu. Kwetu shikamoo hupanda kwa mwenye umri mkubwa. Kule "Sie" ni haki ya kila mtu mzima usiyemjua, na aliyekuzidi umri au cheo ndiye anayekukaribisha kwenye "du". Wengi wetu huuona utaratibu huo kuwa ubaridi. Mimi naupenda, kwa sababu mgeni asiye na kitu naye huitwa "Sie" dirishani kama tajiri.

Kabla ya kutuma barua yoyote, itafute kila "ihnen" na kila "ihr" na ujiulize, ni yeye ninayemwandikia au ni wengine? "Ihr" yenye I kubwa ni "yako" ya heshima; ukiandika "Danke für ihr Schreiben" (asante kwa barua) kwa i ndogo, umeshukuru kwa barua ya mtu mwingine.