Jinsi ya kulinganisha prosesa ya zamani na ya kisasa katika kompyuta ya mezani

Kompyuta nyingi za mtumba zilizoingia Afrika Mashariki kutoka maofisi ya Ulaya, kama vile Dell OptiPlex 790 na HP Compaq 8200 Elite, zilikuja na prosesa (chipu inayotekeleza maagizo yote ya kompyuta) ya Intel Core i5-2400, ambayo ilitolewa Januari 2011. Mnunuzi anayeikuta mashine hiyo dukani Kariakoo, na kando yake ikawapo nyingine yenye Core i3-12100 ya mwaka 2022, huuliza swali ambalo mimi binafsi nimeulizwa kuliko mengine yote: iweje i3 iuzwe ghali kuliko i5? Ni swali la haki, na mwenye kuuliza anastahili jibu atakaloweza kulihakiki mwenyewe. Nitatumia prosesa hizo mbili kuonyesha njia, na njia hiyo inafaa kwa jozi nyingine yoyote.

Anza kwa kupata jina kamili la kila prosesa. Katika Windows, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja ili kufungua Task Manager, kisha fungua sehemu ya Performance na uchague CPU. Katika Linux, andika amri ya lscpu. Usitosheke na stika iliyobandikwa kwenye kasha, kwa sababu kasha huhamishwa na stika hubandikwa upya. Ukishapata jina, tazama tarakimu zinazofuata kistari. Namba 2400 inaanza na 2, maana yake ni kizazi cha pili cha prosesa za Core. 12100 inaanza na 12, maana yake ni kizazi cha kumi na mbili. Alama za i3, i5 na i7 hupanga daraja za prosesa za kizazi kimoja tu, hivyo kuzitumia kulinganisha vizazi vilivyopishana miaka kumi na moja ni kama kumpima mwanafunzi wa leo kwa nafasi aliyoshika kaka yake darasani. Tazama pia herufi ya mwisho kama ipo: F huonyesha kwamba prosesa haina sehemu ya picha ndani yake, na T huonyesha kwamba imepunguziwa matumizi ya umeme, na pamoja nayo kasi.

Hatua inayofuata ni kuandika sifa zao kwenye karatasi, kwa kuzitoa katika tovuti ya mtengenezaji. i5-2400 ina viini vinne, ambavyo mafundi wengi huviita kori, na kila kiini hushughulikia uzi mmoja wa kazi, yaani mfululizo mmoja wa maagizo kwa wakati mmoja. Mwendo wake ni gigahezi 3.1 na hupanda hadi 3.4, kache yake (memori ndogo ya kasi iliyo ndani ya prosesa) ni megabaiti 6, na memori yake (RAM) ni ya aina ya DDR3 yenye kasi ya 1333. i3-12100 nayo ina viini vinne, lakini kila kimoja hushughulikia nyuzi mbili, hivyo jumla ni nane. Huanzia gigahezi 3.3 na kufika 4.3, kache ni megabaiti 12, na inakubali memori ya DDR4 ya 3200 au DDR5 ya 4800.

Hapa ndipo wengi wanapokosea, kwa hiyo nitakaa kidogo. Ukizigawanya gigahezi 4.3 kwa 3.4 utapata tofauti ya karibu asilimia 26, na utadhani hiyo ndiyo tofauti yenyewe. Gigahezi huhesabu mapigo ya saa ya ndani ya prosesa. Hazisemi ni kazi kiasi gani inayomalizika katika kila pigo. Ushahidi ulio wazi kuliko wote ni Pentium 4, iliyofika gigahezi 3.8 mwaka 2004, lakini mwaka 2006 ikapitwa na Core 2 Duo E6600 yenye gigahezi 2.4 tu, kwa kuwa Core 2 ilifanya kazi nyingi zaidi kwa kila pigo na ilikuwa na viini viwili. Kwa jozi yetu, kiini kimoja cha i3-12100 hufanya kazi takriban mara mbili ya kiini kimoja cha i5-2400, na viini vyote vinapotumika kwa pamoja pengo hupanuka zaidi kwa sababu ya zile nyuzi nane. Vivyo hivyo, usilinganishe nanomita, namba zinazotajwa kuonyesha udogo wa vijenzi vya ndani ya prosesa, kana kwamba ni vipimo vya rula: i5-2400 ilitengenezwa kwa teknolojia ya nanomita 32, ilhali i3-12100 imetengenezwa kwa teknolojia iitwayo Intel 7, na hiyo 7 ni jina la biashara wala si kipimo.

Karatasi ikishajaa, pima kwa vitendo. Kabla ya kupima, sawazisha kila kitu kisichokuwa prosesa. Kosa kubwa ninaloliona ni kuilinganisha mashine ya zamani yenye diski ngumu inayozunguka na mashine mpya yenye SSD (diski ya kasi isiyozunguka), kisha lawama zote kutupiwa prosesa. Weka SSD katika zote mbili, weka memori ya ukubwa uleule, na hakikisha katika kila mashine vipande viwili vya memori vimechomekwa kwa jozi, kwa sababu kipande kimoja hupunguza kwa nusu upana wa njia ya data. Tumia mfumo uleule, toleo lilelile la programu, na uzime kazi za chinichini kama masasisho.

Fungua pia kasha la mashine ya zamani. Mojawapo niliyoletewa ilikuwa ikianza vizuri, kisha baada ya dakika chache gigahezi zake zinashuka chini ya 3.1 na feni inavuma kama upepo wa kusi. Nilipokitoa kipoozeo, yaani kipande cha chuma kinachoondoa joto, pesti ya kupitisha joto iliyopakwa kati yake na prosesa ilikuwa imekauka na kupukutika kama chokaa ya ukuta wa zamani, na mapezi ya kipoozeo yalikuwa yamezibwa na zulia la vumbi. Nilifuta kwa pamba yenye spiriti, nikapaka pesti mpya kiasi cha punje ya choroko, na mwendo ukarudi mahali pake. Kama ningeipima kabla ya kuisafisha, ningekuwa nimepima vumbi.

Kwa kipimo chenyewe, programu ya bure ya 7-Zip, ya kubana mafaili, inatosha kuanzia. Ndani yake, chini ya Tools, kuna Benchmark. Acha ukubwa wa kamusi (Dictionary size) uwe uleule katika mashine zote mbili, kwa mfano megabaiti 32, kisha pima mara mbili: kwanza kwa uzi mmoja, halafu kwa nyuzi zote. Alama ya uzi mmoja inaeleza jinsi mashine itakavyokuwa nyepesi katika kazi za kawaida za ofisi, na alama ya nyuzi zote inaeleza kazi nzito kama kubana mafaili au kutengeneza faili la video. Baada ya hapo chukua kazi yako halisi, iwe ni kugeuza waraka wa kurasa mia mbili kuwa PDF au kukokotoa upya lahajedwali kubwa, na uipime kwa saa ya simu. Rudia mara nne, uache jaribio la kwanza, kwa sababu wakati huo mafaili bado yanasomwa kutoka kwenye diski, kisha chukua muda wa katikati katika yale matatu yaliyobaki. Mimi naamini matokeo haya kuliko alama yoyote ya programu.

Yapo mambo ambayo kasi peke yake haiyafichui. Sehemu ya picha iliyo ndani ya i5-2400 inaweza kufungua video za H.264, lakini haijui VP9 wala AV1, miundo ya kubana video ambayo YouTube huitumia sana, hivyo viini vyenyewe hulazimika kubeba mzigo huo. I3-12100 huifungua yote miwili kwa sehemu yake ya picha. Cheza video moja katika mashine zote mbili huku Task Manager ikiwa wazi, na utaiona tofauti kwa macho. Aidha, i5-2400 haina amri za AVX2 (amri za ndani za prosesa za kukokotoa namba nyingi kwa mkupuo), zilizoanza kupatikana katika prosesa za Intel mwaka 2013, na baadhi ya programu mpya hukataa kufunguka bila amri hizo. Jihadhari pia na vipimo vya mtandaoni vilivyofanywa kabla ya Januari 2018: mwezi huo kasoro za usalama za prosesa ziitwazo Meltdown na Spectre zilitangazwa, na viraka vyake, yaani masasisho ya kuziziba, vilipunguza kasi ya prosesa za zamani kuliko za karibuni.

Kuhusu mfumo, Microsoft ilikoma kuihudumia Windows 10 kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na orodha rasmi ya prosesa zinazokubaliwa na Windows 11, kwa upande wa Intel Core, kwa jumla inaanzia kizazi cha nane. Mwenye i5-2400 anaweza kuendelea vizuri kwa Linux.

Suala la umeme linahitaji mita. Wati 95 za i5-2400 na wati 60 za i3-12100 ni namba za kumwongoza mtengenezaji wa kipoozeo; matumizi halisi hubadilika kila dakika. Chomeka mita ndogo kati ya soketi na kompyuta, ufanye kazi zako za siku. Ikiwa tofauti iliyoonekana ni wati 40, kwa saa 8 kwa siku ni uniti (kilowati-saa) 0.32, na kwa siku 26 za kazi ni uniti 8.32, ambazo utazizidisha kwa bei ya uniti unayolipia kwenye LUKU, mita ya umeme wa kulipia kabla.

Mwisho, linganisha bei kamili. i3-12100 haiingii kwenye madabodi (ubao mkuu wa kompyuta) ya i5-2400, kwa kuwa ya zamani ina soketi ya LGA1155 na ya kisasa inahitaji LGA1700. Kwa hiyo hesabu yako lazima iwe na prosesa, madabodi na memori mpya, na mara nyingi pawasaplai (kifaa cha kuipa kompyuta umeme) pia, kwa sababu kompyuta hizo za ofisini hutumia plagi na maumbo yao wenyewe. Weka jumla hiyo upande mmoja, na upande wa pili weka bei ya SSD na pesti kwa mashine uliyo nayo, kisha tazama sekunde ulizoandika kwa kazi yako halisi.