Kumtafuta aliyekamatwa na faili la kesi yake Uganda
Anza kituo cha polisi kilicho karibu na alipokamatwa. Mwombe askari wa kaunta aangalie kitabu cha matukio, akupe namba ya SD (ya tukio katika kitabu hicho), na ya CRB (ya daftari la kesi za jinai) kama jalada la upelelezi limefunguliwa. Taja majina yote, hata ya utani: yakiandikwa vingine, utaambiwa hayupo. Bondi ya polisi, yaani dhamana ya kuachiwa kutoka kituoni, ni bure, usilipe hata shilingi.

Ibara ya 23 ya Katiba inataka afikishwe mahakamani ndani ya saa 48. Zikipita, nenda masijala ya mahakama ya hakimu ya eneo hilo. Kesi hupewa namba mpya huko, kwa hiyo andika ya polisi na ya mahakama. Hukumu za mahakama za juu husomwa bure kwenye ULII, tovuti ya sheria na hukumu za Uganda. Za mahakimu mara nyingi hazimo.